Maradhi ya Ngozi: Kuyatambua, na Wakati wa Kwenda kwa Daktari

(Hotuba ya Halmashauri ya Afya, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri yenu ya Afya ilipotakiwa ichague jambo la kulizungumzia mwaka huu, wapo waliotaka habari za malaria, na wapo waliotaka habari za sukari na shinikizo la damu. Hayo ni makubwa, nasi hatuyadharau. Lakini tumechagua ngozi. Maradhi mengine mengi mtu hayaoni, hungoja mpaka daktari amwambie. Bali ngozi kila mtu huiona, ya kwake na ya mwanawe, na hata hivyo ndiyo tunayoichelewesha kuliko kiungo kingine. Mtu akishikwa na homa, siku ya pili yuko zahanati. Akitokwa na baka begani, hukaa nalo miaka miwili chini ya shati.

Sisi si madaktari. Tuliyoyaandika humu tumeyauliza kwa wenye kuyajua, tukayapanga kwa lugha yetu ili mzee aweze kuyasoma, au kusomewa na mjukuu wake jioni barazani. Wala hatukutaka kuandika kila ugonjwa wa ngozi ulioko duniani, maana hauhesabiki. Tumeandika yale yanayoonekana kwetu, kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni, Vanga na Lunga Lunga, na katika hayo tumekaa zaidi na yale yanayoharibu maisha ya watu.

Tuanze na madogo, tuyapite upesi. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi na upepo kulegea, watoto wetu hutokwa na harara shingoni, kifuani na mgongoni. Huu si ugonjwa wa kumhangaisha mtu. Jasho limezibwa chini ya ngozi. Mtoto na aogeshwe maji ya baridi, avikwe nguo nyepesi ya pamba, aachwe mahali penye hewa. Asifungwe nguo nzito kwa kuogopewa upepo. Kumpaka mafuta mazito mtoto mwenye harara ni kuziba matundu yale yale yaliyokwisha kuziba. Baada ya siku chache harara huondoka yenyewe.

Mba nao watu huudhani jambo kubwa, kwa sababu huacha mabaka meupe kifuani na mabegani, hasa kwa vijana wenye kutoa jasho jingi. Ukiukwaruza kwa ukucha, hutoa unga mwembamba. Ni ukungu tu unaokaa juu ya ngozi. Dawa yake yapatikana, ijapokuwa rangi huchukua miezi kurudi hata baada ya ukungu wenyewe kufa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema dawa haifai.

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi kwa kuwa ni duara kama sarafu, ni cha jamii hiyo hiyo ya ukungu. Ukingo wake huinuka na kuwasha, na katikati pakatakata. Choa cha mwilini huondoka kwa dawa ya kupaka, ikipakwa majuma kadhaa, na kuendelea kupakwa hata baada ya kuwasha kwisha. Bali punye, yaani choa cha kichwani mwa watoto kinachokata nywele kikaacha vipara vyenye magamba, hakiponi kwa kupaka, kwani mzizi wake umo ndani ya shina la unywele. Mtoto huyo lazima anywe vidonge kwa majuma, navyo hutolewa na daktari au afisa wa tabibu. Mama aliyepaka punye miezi mitatu bila kufaulu asilaumiwe kwa uvivu. Alipewa dawa ya mahali pengine.

Hapa yatupasa tuseme neno juu ya mafuta yauzwayo madukani na sokoni ndani ya vijibomba. Mengi yana dawa kali za kutuliza uvimbe, kama betamethasoni na klobetasoli. Mtu mwenye choa akiyapaka, siku ya tatu kuwasha kumekwisha, na husifu. Kumbe ukungu umefurahi, maana ulinzi wa ngozi umelazwa usingizi. Baada ya mwezi choa kimeenea mgongo mzima na umbo lake limepotea, hata daktari hupata taabu kukitambua. Na wapo wanaoyapaka mafuta haya usoni kwa kutaka weupe, hasa maharusi na vijana. Ngozi hunyauka ikawa nyembamba kama karatasi, na mishipa ikaonekana. Mafuta mengine ya kujichubua yana zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo. Akina mama wazee ndio wenye kuwasinga na kuwapamba maharusi wetu, na kauli yao husikizwa kuliko yetu, twawaomba waiseme.

Sasa upele. Tunaousema hapa ni ule wa kuwasha usiku, uletwao na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye huchimba njia chini ya ngozi na kutaga humo mayai yake. Dalili zake ni rahisi kuzijua ukiambiwa pa kutazama: katikati ya vidole vya mikono, vifundoni, kiunoni, kwapani, kandokando ya chuchu za wanawake na sehemu za siri za wanaume, na kwa watoto wachanga, viganjani na nyayoni. Kuwasha huzidi usiku mtu akipata joto la kitanda. Ukikuta mtoto anajikuna usiku, na mama naye anajikuna, na mgeni aliyelala hapo mwezi uliopita naye anajikuna kwao, usitafute zaidi.

Kosa kubwa katika upele ni kumtibu anayejikuna peke yake. Mdudu akiingia kwa mara ya kwanza huchukua majuma 4 hadi 6 kabla ya kuwasha kuanza, na muda wote huo aliyeambukizwa humwambukiza mwenzake bila kujijua. Kwa hiyo nyumba nzima hutibiwa siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, babu na kitoto, na dawa hupakwa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, si pale penye vipele tu. Wachanga hupakwa na kichwani pia, kama daktari atakavyoelekeza. Nguo, kanga na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kile kisichofulika hufungwa ndani ya mfuko siku kadhaa, kwani mdudu huyu hana maisha marefu akiwa mbali na mwili wa mtu. Kisha dawa hurudiwa baada ya juma moja au mawili, kwa kadiri ya dawa yenyewe. Na ijulikane kuwa kuwasha huweza kuendelea majuma mawili au zaidi hata wadudu wote wakiwa wamekufa. Ndiyo sababu wengine hujipaka kila siku mpaka ngozi ikababuka.

Kuna jambo moja la upele ambalo wengi hawalijui. Mtoto akijikuna hupasua ngozi, na usaha huingia. Wale vijidudu wa usaha, baadhi yao, huweza kuumiza figo majuma machache baadaye. Mtoto aliyekuwa na upele wenye usaha, kisha akaamka na uso uliovimba, au akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu, twaja sasa kwenye funza, ambaye wazee wengine humwita tekenya. Vijana hudhani ni mdudu wa asili ya hapa tangu enzi na enzi. La. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 jahazi moja kutoka Rio de Janeiro lilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, na mchanga wake ukashuka pamoja na funza. Kutoka huko alitembea na misafara ya wachukuzi na askari, akavuka bara zima, na kabla karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika Unguja na pwani yetu hii. Kwa hiyo mababu wa mababu zetu hawakumjua, na yale masimulizi kwamba fulani ana funza kwa sababu ya laana ya ukoo hayana msingi. Laana gani hiyo iliyopanda merikebu!

Funza jike huingia ngozini, aghalabu pembeni mwa ukucha, kisiginoni au kati ya vidole, akabaki amechomoza nyuma tu. Kwa juma moja au mawili huvimba akawa kama punje ya mtama, mweupe mwenye kitone cheusi katikati. Humwaga mayai kwa mamia, nayo huanguka mchangani, kwenye sakafu ya udongo pale pale tunapolala, na hapo hutoka kizazi kipya. Yeye mwenyewe hufia ndani ya ngozi kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo mtu akiwa na funza 50, hakuna maana ya kuwatoa leo ikiwa kesho atalala kwenye sakafu ile ile. Nyumba lazima itibiwe pamoja na mguu: sakafu imwagiwe maji na kufagiwa, ikiwezekana itiwe saruji, mbwa na paka watazamwe miguu yao, maana nao hubeba funza, na mtoto asilale chini bila mkeka na godoro.

Wanaoumia zaidi ni wa pande mbili: watoto wadogo, na wazee wasioweza kuinama kutazama nyayo zao wenyewe. Yuko mzee ambaye anakaa peke yake kwenye kibanda cha makuti, watoto wake wako Mombasa, na hapana mtu aliyemwinua mguu mwaka mzima. Huyo hatahudhuria mkutano huu. Ndiyo maana twawaomba wenye miguu mizima wamwendee.

Juu ya kutoa funza kwa pini: twajua ndivyo tulivyolelewa wote. Lakini pini ile ile ikizunguka mguu hata mguu, nyumba hata nyumba, huweza kuchukua homa ya manjano ya ini na virusi vya ukimwi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Na kidonda kilichobaki hukaribisha pepopunda. Kumwaga mafuta ya taa au dawa ya mifugo juu ya miguu ya mtoto ni kumchoma. Yapo mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafa humo humo. Na hapa hapa pwani ya Kenya watafiti wamejaribu mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, wakayaona yanafaa. Mwarobaini uko uwanjani kwa kila mtu na nazi hatununui mbali. Mnamo 2014 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa juu ya funza, basi mtu asione haya kufika kituo cha afya na miguu iliyoharibika. Ni ugonjwa ulioandikwa katika vitabu vya serikali kama magonjwa mengine.

Bwana Mwenyekiti, hayo yote tuliyosema huumiza na kuwasha. Ugonjwa tunaotaka kuwasimulia sasa hauumi wala hauwashi, na hiyo ndiyo hatari yake. Nao ni ukoma.

Tunajua neno hili likitajwa kikao hunyamaza. Wazee wa Msambweni wanapajua Tumbe, mahali walipokaa wagonjwa wa ukoma, na wapo kati yenu waliokatazwa utotoni wasipite njia ile. Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba mambo yale yamekwisha. Ni kweli kwamba ukoma umepungua mno: Kenya ilifikia mwaka 1989 kile kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ugonjwa si tatizo tena la umma. Lakini kupungua si kwisha. Wagonjwa wapya bado hugunduliwa nchini, na Kwale imo katika sehemu zinazotajwa. Jambo baya ni kwamba ugonjwa ukiwa haba, hata wahudumu vijana huwa hawajauona, na mgonjwa huweza kuzungushwa na mafuta ya choa mwaka baada ya mwaka.

Yupo ndugu mmoja, hatutamtaja jina wala kijiji, ambaye ni mvuvi. Alikuwa na baka mkononi, karibu na kiwiko, jepesi kidogo kuliko rangi yake. Halikumwasha. Alipaka dawa ya choa, akapaka dawa ya mba, akapewa na mganga dawa ya kuoga. Kisha akaliacha, maana halimdhuru. Siku moja mkewe alinusa nyama inayoungua jikoni, akageuka, akamwona mumewe ameshika sufuria ya moto kwa kiganja, anazungumza na wageni. Hakuwa na habari. Hapo ndipo alipopelekwa. Dawa ilimponya ugonjwa, ashukuriwe Mungu, lakini vidole viwili vya mkono ule vilikwisha kujikunja na havikunyooka tena. Leo anavua kwa mkono mmoja na nusu.

Basi na tuseme waziwazi dalili za ukoma. Kwanza, baka jepesi au jekundu-jekundu kama shaba, lisilowasha wala kuuma, ambalo halihisi. Nywele juu yake huweza kuanguka, na jasho lisitoke hapo. Pili, ganzi ya mikono au miguu, au udhaifu: mtu anashindwa kufunga vifungo, kandambili yamtoka mguuni bila kujua, au kope hazifungi. Tatu, kidonda cha wayo kisichouma. Nne, vinundu usoni na masikioni, na nyusi kupungua kuanzia pembeni. Si lazima zote ziwepo. Moja yatosha kumpeleka mtu akaangaliwe.

Kulijaribu baka ni jambo ambalo kila mzee aweza kulifanya nyumbani. Chukua pamba kidogo, uisokote ncha yake iwe nyembamba. Mguse mgonjwa kwanza penye ngozi nzima, macho yakiwa wazi, ili aelewe. Kisha afumbe macho, umguse hapa na pale, na kila akihisi aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Ukigusa baka naye akakaa kimya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, usimtishe. Lakini mpeleke hospitali juma hilo hilo. Akihisi vizuri, bado baka lisiloondoka aonyeshwe mtaalamu, ila pupa si kubwa. Usitumie sindano wala kaa la moto. Tumesikia habari za kaa, nazo ni ukatili.

Sasa sikilizeni habari njema, maana nayo ni sehemu ya ukweli. Kijidudu cha ukoma alikigundua daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873. Hakikuletwa na laana, wala na samaki, wala na uchawi. Kabla ya miaka ya 1940 hapakuwa na dawa ya maana. Ikaja dapsoni, kijidudu kikaizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa zichanganywe, na mchanganyiko huo ndio unaoponya hata leo. Dawa humezwa nyumbani kwa miezi 6 au 12, kwa kadiri ya ugonjwa, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali, kwenye kliniki ile ile ya kifua kikuu. Akianza kumeza, baada ya muda mfupi sana haambukizi tena. Hapana haja ya kumtenga, kumpa sahani yake peke yake, wala kumhamisha chumba cha mkewe. Hata kabla ya dawa, ukoma hauambukizi upesi: watu wengi mno wana kinga ya asili, na huhitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Lakini hujificha muda mrefu, kwa kawaida miaka 5, na pengine 20. Kwa hiyo mmoja akigunduliwa, wote wa nyumba yake watazamwe ngozi.

Mambo mawili huwafanya watu watupe dawa njiani. La kwanza, mkojo huwa mwekundu na ngozi hugeuka nyeusi zaidi. Yote mawili ni kazi ya dawa, si damu, na weusi huondoka polepole matibabu yakiisha. La pili, mwili huweza kuitikia kwa ghafula: mabaka kuvimba na kuwa mekundu, mishipa ya kiwiko na goti kuuma, macho kuuma. Mgonjwa husema dawa imenidhuru, akaiacha. Hilo ndilo saa la kukimbilia hospitali, usiku au mchana, maana yapo matibabu ya kuuokoa mshipa, na ukicheleweshwa haurudi. Dawa aendelee nayo mpaka daktari aseme vingine.

Na tafadhali tusichanganye ukoma na barasi. Barasi ni weupe mtupu kama chokaa, huhisi vizuri, hauambukizi hata kidogo, wala haumzuii mtu kuoa, kuolewa au kupika chakula cha watu. Wamo katika vijiji vyetu mabinti walioachwa kwa sababu ya barasi. Tunalisema hili mbele ya wazee kwa kuwa ndio wanaokaa kwenye vikao vya posa.

Ndugu zetu wenye ualbino wana hatari ya namna nyingine, nayo ni jua la hapa kwetu. Kidonda cha usoni, cha sikioni au cha mdomoni kisichopona kwa mwezi mmoja huweza kuwa saratani inayoanza, nayo ikikatwa mapema huisha. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, ambayo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huyatoa bila malipo. Na sisi wengine tusijione tumesalimika: kwa watu weusi saratani ya ngozi hupenda nyayo na chini ya kucha. Doa jeusi la wayo linalopanuka si la kungojea.

Matende tutayasema kwa ufupi, kwani Chama kilikwisha kuyazungumza siku nyingine. Huletwa na minyoo inayochukuliwa na mbu, si kwa kukanyaga kitu kilichotegwa njiani. Serikali ilianza kugawa dawa za kuyakomesha hapa pwani mwaka 2002, kuanzia Kilifi, na zikigawiwa tuzimeze, hata sisi tusio na uvimbe. Aliyekwisha kuvimba mguu auoshe kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri kati ya vidole, auinue akiketi, avae kiatu kisichombana. Homa na maumivu ya ghafula ya mguu huo husababishwa na vijidudu waingiao penye michubuko. Ukioshwa vema, hupungua. Jambo dogo namna hii, na limewarudisha watu shambani.

Yapo pia mambo ya ngozi yasiyongoja hata kesho. Upele wa mwili mzima wenye homa na macho mekundu kwa mtoto huweza kuwa surua. Malengelenge na kubambuka kwa ngozi, pamoja na vidonda vya mdomo na macho, baada ya kumeza dawa mpya: acha dawa ile, ichukue mkononi, nenda nayo hospitali mara moja. Jipu au kidonda kilichozungukwa na uvimbe unaopanda saa hata saa. Na kwa kuwa wekundu hauonekani vizuri katika ngozi nyeusi, mtu aweke kiganja ahisi joto. Mwenye sukari hata mchubuko wa kidole cha mguu asiungojee. Mkanda wa jeshi, ule ukanda wa malengelenge upande mmoja wa mwili, ukimpata kijana, aende siku zile za mwanzo, na akubali kupimwa damu. Tena tangu Julai 2024, homa ya nyani ilipogunduliwa nchini, kwa mara ya kwanza katika kituo cha mpaka cha Taveta, vipele vyenye maji au usaha pamoja na homa na matezi kuvimba ni jambo la kuonyesha hospitali. Na sisi wa Lunga Lunga tuko mpakani pia.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja na maneno matupu. Mfuko wa Chama hiki umewekwa kwa sanda, kwa jeneza, na kwa chakula cha matanga, na haujawahi kutuaibisha. Lakini katika sheria zake hapana mahali pa nauli ya mgonjwa. Mtu wa bara ya Kinango au wa ndani ya Lunga Lunga ajaye Msambweni kuangaliwa baka, hupanda bodaboda, kisha matatu, akapoteza siku ya kibarua; na kwa kuwa baka halimuumi, huona pesa hiyo ni ya unga. Tuko tayari kumzika vizuri, na hatuna njia ya kumpa nauli akiwa hai. Halmashauri inapendekeza Mweka Hazina aruhusiwe kutoa nauli ya kwenda na kurudi kwa mwanachama, au mtu wa nyumba yake, atakayeelekezwa na muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji kwa ajili ya ngozi, bila kungoja kikao. Na jina lake lisisomwe katika hesabu za mkutano, liandikwe nambari tu.

Tunajua wapo watakaosema mfuko utakauka. Tumekaa na Mweka Hazina tukapiga hesabu za nauli dhidi ya hesabu za mazishi, na karatasi hiyo iko mezani, kila mwanachama aitazame kabla ya kupiga kura. Pendekezo la pili halina gharama: kila tawi lichague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, watakaopita kwa wazee wanaoishi peke yao mara moja kwa mwezi, wawatazame nyayo na migongo.

Mwenye jambo asilotaka kulisema hadharani atukute nyuma ya jengo mkutano ukifungwa. Wanaume wataonana na katibu wa Halmashauri, na akina mama watakutana na wawili wa kwetu walio wauguzi wastaafu. Pamba iko.